Chumvi ya Ng'ombe Ndani ya Shasi

Turnavisi, ile bisibisi yangu ndefu, iliingia mpaka kwenye mupini.

Nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya papa, baba yangu, mugongo juu ya mawe ya volkano ya parsele yetu, kiwanja chetu cha Majengo, mujini Goma, nikiibonyeza shasi tu bila nia mbaya, vile mutu anabonyeza avoka sokoni. Shasi ni vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu: injini, kabini, mizigo na watu wake. Chuma kama hicho hakibonyei. Hiki kilibonyea. Nilipochomoa turnavisi, unga mwekundu wa kutu ulinimwagikia machoni, nikapiga kelele mpaka jirani akauliza nyuma ya ukuta nani amekufa.

"Papa! Gari yako imeoza!"

Papa alikuwa kwenye kiti chake mulangoni, fimbo yake ya uchungaji kati ya magoti. Hakuinuka.

"Nyama njo inaoza," alisema. "Gari inachoka."

"Hii haijachoka, papa. Hii imekufa, na hakuna mutu aliyeiambia."

Mimi ni muzaliwa wake wa kwanza, mwanamuke mwenye permi ya kuendesha gari na mudomo, na vyote viwili nilivipata kwa jasho. Ni mimi niliyekuwa naiendesha ile pikapu tangu macho ya papa yalipoanza kumudanganya. Na siku zile hatukuwa na nafasi ya gari mbovu, maana harusi ya ndugu yangu mudogo ilikuwa karibu. Bibi-harusi alikuwa wa Kalengera, kule njia ya Rutshuru, na kwetu mahari ni ng'ombe. Papa alikuwa ametoa neno mbele ya wakwe, amesimama, kofia mukononi: ng'ombe huyo atafika juu ya gari yangu mwenyewe, siyo ya kukodi.

Baba mudogo, ndugu ya papa, alisikia kelele zangu, akaja, akainama, akachungulia. Huyu ndiye musifu wa ng'ombe wa ukoo wetu. Kwetu ng'ombe wa mahari hapewi kimya kimya. Mutu anasimama na fimbo, anamusifia kwa mashairi, pembe zake, mwendo wake, mama yake na nyanya yake, mpaka wakwe wanasahau kama amekonda. Baba mudogo wanamuita kwenye harusi toka Murara mpaka Rutshuru. Shida ni kwamba ulimi ule haupumziki hata siku ambayo hakuna harusi.

"Vwala!" alisema, akijipangusa mikono. "Mwisho wake huu. Tuite wale wanaonunua vyuma vya zamani. Waikate vipande, waipime kwa kilo. Ng'ombe tutamukodia kamyo."

Papa alitazama miguu yake.

Sasa mujue gari ile ilikuwa nini. Sisi ni watu wa milima ya Masisi. Vita ilipotushusha, ng'ombe walibaki nyuma, wengine wakaliwa na watu tusiowajua, na mumoja tu akafika Goma na sisi. Mujini ng'ombe anakula nini, lava? Papa alimuuza, akalia kama aliyezika, halafu akanunua pikapu ya okazyo, iliyotumiwa na wengine kabla yetu. "Ng'ombe amezaa gari," alituambia, na tangu siku ile aliichunga. Asubuhi aliizunguka, akiipiga-piga ubavuni. Ikiuzwa kwa kilo, papa yangu angebaki muzee wa kiti, kama wazee wengine wengi wa Majengo, akihesabu pikipiki zinazopita. Nilimuona vile alivyotazama miguu yake, na hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Gari hii itafikisha ng'ombe Kalengera," nilisema.

"Na shasi ya unga?"

"Nimesema itafika. Ikifika, weye utafanya nini?"

"Ikifika nitafunga mudomo wangu."

"Weye?"

"Mimi! Siku ile yote, mpaka weye mwenyewe uniruhusu. Na ikikatikia njiani, watu wa vyuma wataikuta palepale, na weye utawashikia musumeno."

Tulipeana mikono. Papa alituangalia, akasema, "Yampaye inka," ndicho kiapo chetu cha mushangao: Aliyenipa ng'ombe! Lakini sauti ilikuwa ndogo.

Niliipeleka gari Murara, kwa fundi wa kusude, wa kuunga vyuma kwa moto, ninayemuamini kwa sababu anatukana vyuma kabla ya kuvigusa. Papa alikuja na kiti chake. Fundi aliinua gari juu ya mapipa, akaingia chini, akaanza kutukana.

"Nani alipaka gudro hapa?"

Papa alijinyoosha. Gudro, ile lami ya barabara, ilikuwa fahari yake. Miaka kadhaa nyuma mutu mumoja wa kartye, wa mutaa wetu, alimushauri apake shasi yote gudro nyeusi, nzito, ili mvua na majivu ya volkano visiguse chuma. Iling'aa! Papa alikuwa akiwainamisha wageni waione, wageni wenyewe wamevaa nguo za misa.

Fundi aliikwangua. Iliachia vipande vikubwa kama ganda la muhogo, na chini yake hakukuwa na chuma. Kulikuwa na maganda mekundu, na kati ya maganda, kitu cheupe.

"Mulikuwa munabeba samaki wa chumvi?"

"Hapana," nilisema. "Viazi. Kabeji. Watu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alisema. "Hiki hakikutoka njiani. Kilitoka juu, kwenye karoseri yenu, pale munapopakia mizigo, kikashuka humu."

Papa alinyoosha mukono. "Leta."

Fundi akamupa ganda moja. Papa alilinusa, halafu, mbele ya garaji nzima, akaliweka kwenye ulimi. Alifumba macho. Nilitaka kumuambia ateme, lakini uso wake ulinizuia.

"Chumvi ya ng'ombe," alisema.

Hapo nilikumbuka yote, na nikakaa chini. Papa alipokosa ng'ombe wake, hakuacha ng'ombe wa wengine. Njia ilipokuwa wazi, tulipanda naye milimani na magunia ya chumvi ya wachungaji. Kule juu ng'ombe hunyweshwa maji ya chumvi kwenye kibumbiro, ule mutaro wa udongo, lakini vibumbiro vingi vilikuwa vimebomoka na wenyewe wamekimbia. Basi papa alifanya nini? Alimwaga maji kwenye karoseri ya pikapu, akakoroga chumvi ndani yake kwa mukono, akashusha mulango wa nyuma, akaita. Ng'ombe walikuja toka kila upande. Walikunywa, wakalamba, wakasukumana, na papa katikati yao akiwaita kwa majina ambayo hayakuwa yao. Yale yaliyobaki yalichuruzika kwenye matundu ya karoseri na kuingia shasi. Na papa hakukubali tuioshe. Kuosha chumvi ya ng'ombe aliona kama kufukuza baraka. Halafu ikaja gudro, tukafungia muizi ndani ya nyumba na ufunguo tukatupa.

"Kumbe ni mimi," papa alisema. "Mimi mwenyewe na mikono yangu."

Nilidhani atalia. Alianza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Ng'ombe wa watu wamelamba gari yangu mpaka mifupa! Na sikuona kitu, ju ya furaha!"

Fundi naye akacheka, mimi nikacheka na machozi juu, na tangu kicheko kile papa hakurudi kwenye kiti. Alivua koti.

Fundi alikata vyote vilivyooza. Aliweka chuma kinene kutoka kwa shasi ya kamyo iliyokufa, akasude ndani na nje, cheche zikiruka mpaka barabarani. Lakini kabla ya kufunga, alisema chumvi lazima itoke yote, hata ile ya pembeni isiyoonekana, la sivyo tutarudi kulia. Maji Goma siyo mchezo. Niliyaleta kwa madumu, bidoni kwa bidoni, toka ziwani, juu ya pikipiki, nikigombana na kila muendeshaji. Tulimimina ndani ya shasi upande huu, yakatokea upande ule, na papa alikinga kiganja, akaonja.

"Bado."

Tukamimina tena. Akaonja.

"Bado."

"Papa, utaharisha!"

"Mimina."

Mafundi wa garaji jirani walikuja kumuangalia muzee anayekunywa gari. Aliendelea kuonja na kutema, mpaka mara moja alikawia, akasogeza ulimi mudomoni pole pole, akamuangalia fundi.

"Sasa ni maji tu."

Gudro hatukupaka tena. Fundi alisema tupulizie mafuta ya vidanji ndani, yale meusi yanayotolewa kwenye injini, yapenye kila kona na yabaki laini, tuone chuma siku zote. Papa alisema hayatoshi. Alileta kopo la siagi ya ng'ombe ya zamani, ile ambayo wachungaji wanapaka kwenye ngozi na kwenye visu visishike kutu, akaiyeyusha, akaichanganya na yale mafuta. Nilipinga. Fundi aliinua mabega, akasema mafuta ni mafuta. Basi tulirudi nyumbani na gari inayonukia kama jiko, na mbwa wote wa Majengo walitufuata kama maandamano. Kila asubuhi nilikuta mumoja amelala chini ya shasi, analamba. Baba mudogo alisema gari haitavunjika, italiwa.

Siku ya safari tulisali, tukampakia ng'ombe. Alikuwa mutamba mwekundu mwenye pembe zilizofunguka vizuri, na alipanda bila ubishi. Papa na mimi tulikaa mbele, na baba mudogo kati yetu, suti yake mpya, fimbo yake ya kusifia, na midomo tayari ikichezacheza. Bwana-harusi na wengine walikuwa kwenye basi dogo nyuma yetu, ili, nadhani, waokote vipande.

Sitadanganya, niliogopa. Kila shimo nililisikia kwenye meno yangu. Tulianza kupanda mulima wa Kibumba, ng'ombe akarudi nyuma na uzito wake wote, na hapo hapo ikalia: kwaa!

Baba mudogo alifungua mudomo.

"Bado!" nilimukemea, hata kabla hajasema.

Nilisimamisha, nikalala chini barabarani na nguo yangu ya harusi. Nikagonga shasi kwa nyundo kila mahali tuliposude. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma cha kweli kinajibu. Nikapanda nyuma, nikakuta ni jeki iliyoangukia pembeni, na ng'ombe hata hakuwa ameshituka. Alikuwa ameinamisha kichwa, analamba sakafu ya karoseri. Baada ya miaka yote ile, baada ya bidoni zote zile, alikuwa ameipata chumvi iliyobaki juu.

"Anafanya nini?" papa aliuliza dirishani.

"Anakula chakula chako."

Papa alipiga goti lake kwa kiganja, na toka pale mpaka Kalengera aliimba.

Tuliingia kwenye lupango ya wakwe, uani kwao, na honi. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakakimbilia magurudumu. Nilizima injini. Shasi ilikuwa imenyooka, karoseri imenyooka, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimepinda, toka shingo mpaka kiuno. Tulishusha mulango wa nyuma, lakini ng'ombe alikataa kushuka. Analamba tu. Basi wakwe wakasema sawa, asifiwe huko huko juu, na wote wakageuka kumuangalia baba mudogo.

Baba mudogo alisimama mbele ya watu, akanyoosha fimbo, akajaza kifua pumzi. Halafu akanyamaza. Akanionyesha mimi kwa kidole, akajionyesha mudomo wake, uliofungwa kama mufuko wa sukari. Mutu yule, kwa ubishi wake, alikuwa anatimiza neno! Muzee wa wakwe aliuliza kama musifu wetu ni mugonjwa. Ndugu yangu, bwana-harusi, aliniangalia kama anayezama.

"Nakuruhusu," nilisema kwa sauti. "Lakini gari kwanza. Ng'ombe baadaye."

Watu walicheka, wakidhani ni mchezo. Baba mudogo hakucheka. Aliiangalia ile pikapu, muda murefu, toka bampa mpaka taa za nyuma, kama anaiona mara ya kwanza. Halafu akaigusa ubavuni na ncha ya fimbo, akaanza, kwa kilugha chetu, na sauti ile ile anayowapa ng'ombe wakubwa:

"Wewe uliyezaliwa na ng'ombe ukiwa na magurudumu! Wewe uliyekuwa kibumbiro vibumbiro vilipobomoka! Walikulamba mbavu, hukupiga teke. Walikutoboa shasi, hukupiga magoti. Ndugu ya muchungaji wako akataka kukupima kwa kilo, nawe ukambeba mapajani, yeye na suti yake! Mupanda Kibumba mwenye pembe mugongoni, nani alisema umekufa? Aje hapa anitazame usoni!"

Hakuna aliyecheka tena. Wazee wa wakwe walikuwa wanatikisa vichwa, maana walijua vibumbiro gani na vilibomolewa na nini.

Papa aliachilia fimbo yake ikaanguka chini. Alisogea mbele, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, ikapinda pembeni vile pembe zinavyopinda, na akaanza kucheza, pole pole, kati ya gari yake na watu. Ndivyo wachungaji wa kwetu wanavyocheza wakiwa na ng'ombe. Tangu tushuke toka Masisi sikuwa nimemuona akiinua mikono ile hata mara moja, hata kanisani. Nililia mbele ya wakwe wote, na nguo yangu ikiwa na mafuta ya vidanji mpaka mugongoni, nikainua mikono yangu kama yeye.