Maana Zote za Mzee Sifael

Mume wangu Sifael alipandisha wageni mlimani mpaka magoti yakamgomea. Wafaransa walimwachia Kifaransa, Waisraeli wakamwachia Kiebrania, na mimi nikaachiwa Sifael mwenyewe. Sasa kila neno analolikamata analipasua, anatafuta siri ya Mungu ndani yake. Chai inapoa huku bado anaichambua sala ya chakula.

Kwa hiyo tulipokwenda Masama kumposea kijana wetu Godlove, usemaji tulimpa shemeji yangu Gidioni, mtu wa maneno machache. Sifael nilimwapisha: kaa, kunywa, tabasamu. Godlove amempenda Brenda tangu chuoni, na sikutaka Kiebrania kimkoseshe mke.

Mzee Kornel, baba yake Brenda, akauliza kama desturi inavyotaka, "Mmekuja kutafuta nini hapa kwangu?"

Kabla Gidioni hajamaliza kukohoa, mume wangu alishasimama.

"Wana wa Israeli walipoiona mana waliuliza, *man hu*, yaani nini hiki? Wakala wasichokijua, wakashiba. Wafaransa nao wanasema *personne*: ni mtu, tena ni hakuna mtu. Mungu anajificha kwenye tusichokijua. Ndivyo tunavyomchukua Brenda."

Kornel akaiweka chini kata ya mbege, pombe ya ndizi tuliyomletea. "Kwetu baba wa kijana hajisemei posa. Na kama binti yangu hamumjui, nendeni mkamtafute mnayemjua."

Tukarudi Old Moshi na mbege yetu ile ile. Godlove alilia njia nzima, jitu zima lenye ndevu. Nilikasirika mpaka nikaiogopa hasira yangu.

Kesho yake nikakata jani la isale mpakani mwa shamba. Kwetu jani hilo ndilo linaloomba msamaha, na anayelikataa anajitakia balaa. Nikamkabidhi Sifael.

"Leo litasema jani," nikamwambia. "Wewe umeshasema."

Alisimama mbele ya Kornel amebana midomo, jasho linamchuruzika. Kornel hakuwa na haraka, maana alishajua pa kumshika.

"Na jani hili, mzee, kwa Kiebrania lina maana gani?"

Sifael akafungua mdomo. Mimi nikafumba macho.

"Sijui, mbe, mzee wangu," akasema. "Nataka tu mtoto wangu aoe."

Kornel akalipokea jani, akamwita Brenda alete mbege.