Nusu Niliyoifuta kwa Raba

Maktaba ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini Nakuru. Vitabu vilikuwa vya mama mmoja wa Kihindi, na duka lilikuwa la shemeji yake; mama huyo alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo na kufundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Niliingia dukani mwaka 2007 kutafuta kazi ya kubeba majora ya vitambaa. Shemeji akaniambia hakuna kazi, ila juu kuna mwanamke anayetaka mtu wa kupanda ngazi na kupanga vitabu. Nikapanda.

Kabla ya hapo nilikuwa Karagita, kwenye mashamba ya maua, na kabla ya Karagita nilikuwa Longonot, na sababu ya kuondoka kila mahali siikumbuki vizuri. Mguu wangu ulikuwa hautulii. Lakini kile chumba kilinishika. Kilikuwa na harufu ya kitambaa kipya kutoka chini na karatasi kuukuu, na mama alikuwa akichemsha chai yenye tangawizi nyingi kiasi cha kukutoa machozi.

Kila Ijumaa mchana tulifunga mlango na kusafisha vitabu vilivyorudi wiki hiyo. Wasomaji waliandika humo kwa penseli kila kitu: namba za simu, mioyo yenye mishale, majibu ya mazoezi, matusi madogo kwa mwandishi. Sisi tulikaa na raba zetu, tukafuta ukurasa baada ya ukurasa, tukapuliza vumbi.

"Kitabu irudi kama ilitoka," alikuwa akisema. Nami nilikuwa hodari. Alipenda kuinua kitabu nilichosafisha na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha, halafu anasema, "Mtoto yangu, wewe ungefanya kazi hospitali."

Kitabu kilichoazimwa kuliko vyote kilikuwa cha hesabu za sekondari. Kilikuwa kimeandikwa na mwalimu mstaafu wa Keringet, kule juu kwenye baridi, aliyekilipia chapa mwenyewe na kukiuza kwa mkono. Mifano yake ilikuwa ya viazi, pareto na madebe ya maziwa. Ukikisoma ulihisi mtu ameketi kando yako. Tulikuwa na nakala moja tu, na mgongo wake ulikuwa unaachia.

Mimi nilikuwa na mtu mmoja akilini. Jirani yangu wa Karagita, chumba cha tatu kutoka changu cha zamani, alikuwa akifunga maua kwenye maboksi mchana kutwa. Aliachia shule kidato cha pili akiwa mjamzito, na sasa alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwisho wa 2008. Hesabu ndiyo iliyomtisha. Siku yake ya kupumzika ilikuwa moja kwa wiki, na hiyo ilikuwa ya kufua. Nakuru kwake ilikuwa mbali kama Ulaya.

Nikamwambia mama, "Tuna skana ya shemeji chini. Tuingize kitabu kwenye CD, watu wa mbali wasome."

"Kitabu ni ya nani?"

"Si ni yetu?"

"Karatasi ni yetu. Kitabu ni ya mwalimu."

Akamwandikia barua kwa mkono. Jibu lilichukua wiki tatu. Mwalimu alikubali kwa sharti moja: kitabu kimoja, msomaji mmoja. Mama akalichukua sharti hilo jinsi lilivyoandikwa. CD ilipewa kadi yake na mfuko wake. CD ikiazimwa, kitabu cha karatasi kinafungwa kabatini kwa kufuli. CD ikirudi, kabati linafunguliwa. Vijana wa mjini walimcheka.

"Mathe, CD haipungui mtu akiisoma."

"Hata kitabu haipungui. Lakini hukuwahi kukisoma wewe hapa na mwenzako Longonot saa hiyo hiyo."

Kazi ya kuskani ilikuwa yangu. Nilitaka itoke safi. Basi kabla ya kuanza nilikipitia kitabu kizima na raba, nikafuta kila alama ya penseli, hata zile ndogo zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri pembeni mwa namba. Mama alikitazama dirishani, akaridhika.

Kisha ukaja mwanzo wa 2008, na fujo za baada ya uchaguzi. Sitazielezea, waliokuwapo wanazijua. Duka lilikaa limefungwa kwa wiki kadhaa, na hata lilipofunguliwa watu wengi tuliowajua walikuwa wanalala kwenye mahema. Jirani yangu aliondoka Karagita na watoto wawili, akarudi mwezi wa tatu na begi moja. Nilipompigia simu kumjulia hali, alisema, "Vitabu vimeenda, madaftari yameenda. Lakini mtihani hauna habari. Uko pale pale unaningoja."

Nikasaini kadi kwa jina langu, nikampelekea CD.

Kompyuta ilikuwa kwenye sayba moja ya Karagita, duka la intaneti lenye mashine nne na feni isiyozunguka. Mwenye sayba aliingiza CD, akaitazama, akasema, "Boss, hii nimeiweka kwa mashine zote. Isije ikakwaruzwa bure." Nilijua la kumwambia. Sharti lilikuwa wazi kichwani mwangu kama kadi mfukoni. Lakini jirani alikuwa ameshakaa, na wenzake watatu wa kazini, bado na aproni zao, walikuwa wamevuta viti nyuma yake. Mmoja alikuwa anasoma kwa sauti habari za madebe ya maziwa. Nikanyamaza.

Nikairudisha CD Nakuru. Mama akatia tiki kwenye kadi, akafungua kufuli, akarudisha kitabu cha karatasi rafuni. Moja imeingia, moja imetoka. Nilisimama nikimtazama akizungusha ufunguo, nikajisikia mwizi, lakini nikachemsha chai.

Mwezi wa sita jirani alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mimi naacha hii mambo. Kichwa yangu imekataa."

"Imekataa wapi?"

"Ukurasa wa arobaini na moja. Shamba la viazi la pembetatu. Nimefanya mara kumi. Kila mara napata nusu ya ile mwalimu amepata. Wenzangu wote wanapata kama ya kitabu, mimi peke yangu napata nusu."

Mimi hesabu nilizimaliza kwa alama ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia labda kuna hatua ameruka, aamini kitabu, mwalimu ni mwalimu. Akasema ana nguo za kuanika. Alijiondoa kwenye kikundi chao cha kusoma wiki hiyo.

Barua ya mwalimu ilifika siku chache baadaye. Msichana wa kwao aliyekuwa akifanya kazi ya maua alikuwa amerudi nyumbani Keringet na karatasi zilizochapwa sayba, na mzee akavitambua viazi vyake. Mama aliisoma amesimama. Aliiweka mbele yangu, akasema, "Soma wewe."

Nilimweleza yote: mashine nne, aproni, kunyamaza kwangu. Alisikiliza akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia miwani.

"Niliandika kwa mkono wangu kwamba ni moja," alisema mwishoni. Akafungua kabati, akafunga kitabu na CD kwenye gazeti. "Kwenda mpelekee. Mwambie nimeshindwa kulinda. Na useme wewe mwenyewe, usiandike barua."

Keringet ilikuwa na ukungu wa kulowesha nguo. Nilimkuta mwalimu kwenye ghala lake, amevaa koti zito na gambuti, anachagua viazi vya mbegu. Mzee mwembamba, asiye na haraka. Nikamweleza jinsi nilivyomweleza mama, nikampa furushi.

"Sheria iko upande wangu," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na imeniuma. Kila karatasi iliyotoka kwa hiyo mashine ni kitabu sikuuza." Akageuza kiazi mkononi, akakitupa kwenye rundo. "Lakini si hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Hao watu ni akina nani?"

Sikuelewa. Akaniingiza nyumbani, akanionyesha daftari nene. Kila aliyewahi kununua kitabu chake alikuwa humo: jina, alikotoka, mada inayomsumbua. Hakuwahi kumuuzia mtu aliyesimama. Alimkalisha, akafungua kitabu, na kwa penseli akamsahihishia makosa matatu ambayo mpiga chapa aliyaacha. Hakuwa na pesa ya kuchapa upya. Kalamu hakuitumia, kwa sababu maisha yake yote hesabu ilikuwa kitu cha penseli.

"Cha maktaba nilikisahihisha mwenyewe kabla sijampa mama," alisema, akikifungua kile kitabu kwenye gazeti. "Kwa hiyo hata hizo nakala za wizi..."

Akafika ukurasa wa arobaini na moja. Akauinua kuelekea dirishani, vile vile mama alivyofanya. Ulikuwa safi kabisa.

"Nani amefuta hapa?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia habari za Ijumaa na raba. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaona mzee anacheka, ingawa si sana.

"Kitako mita themanini, kimo mita hamsini," alisema. "Mpiga chapa aliruka ile nusu ya kuzidishia. Shamba la mita elfu mbili za mraba likawa elfu nne. Nusu eka imekuwa eka. Wewe unadhani mwaka huu wa kufukuzana mashambani, hapa kwetu, kumwongezea mtu shamba ni mchezo?"

Lakini mimi nilikuwa namfikiria mtu mwingine. Nikasema, "Kuna mama mmoja Karagita alipata elfu mbili. Nilimwambia akosee kama kitabu."

Kicheko kikaisha. Mzee akakaa chini. "Yuko wapi sasa?"

"Ameacha."

Hakuzungumza tena juu ya sheria. Aliandika yale masahihisho matatu kwenye kitabu cha maktaba, safari hii kwa kalamu, akakandamiza mpaka upande wa pili wa karatasi. Akanipa kitabu na CD yake, na daftari tupu. Sharti lilikuwa jipya: kila aliye na nakala, popote alipo, asahihishiwe na aandikwe jina. "Nataka kuwajua wanaonisoma."

Nilianzia kwa jirani. Alikuwa mlangoni, mikono ndani ya beseni la nguo. Nilimwonyesha ukurasa. Alikausha kidole kwenye leso, akakipitisha juu ya ule wino.

"Nusu eka," alisema.

"Nusu eka."

"Nilisema ni nusu eka. Hata nilichora kwa mchanga." Akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Na wewe ukaniambia niamini kitabu."

"Nilikuambia."

"Shika hii shuka basi. Kamua."

Nilikamua nguo zote zilizokuwa kwenye beseni huku akinisomesha pembetatu. Kesho yake alirudi kwenye kikundi, na yeye ndiye aliyezunguka nami chumba kwa chumba, kila jioni akitoka kazini, kwa majuma mawili. Wenye karatasi tuliwasahihishia kwa kalamu. Mwenye sayba alikubali kuzifuta nakala za zamani na kuweka kurasa zilizosahihishwa nilizoskani upya, akilalamika kwamba sasa kazi yake imekuwa ukarani. Kila mlangoni jirani alitangulia kusema, "Hodi, ile shamba yenu ni kubwa kupita kiasi," na watu wakacheka kabla ya kujua wanacheka nini.

Daftari nililipeleka Keringet mwenyewe. Mwalimu alisoma kila jina polepole, akaulizia wawili watatu. Kwa jina la jirani hakuuliza. Alitoa nakala mpya ya kitabu na kuandika ndani ya jalada, kwa penseli: Wewe ulipata, mimi nilikosa. "Mwambie asimruhusu rafiki yake wa maktaba kuipitishia raba," alisema akinitazama.

Jirani alifanya mtihani mwisho wa mwaka huo, na hesabu alipita kwa alama ambayo mimi sikuwahi kuifikia. Kile kitabu alikifunika kwa plastiki ya maboksi ya maua. Nilikiona tena miaka mingi baadaye, na ile penseli bado ilisomeka.

Mama alinipokea kwa chai ya tangawizi. Nilidhani atalegeza sheria za maktaba, maana nakala zilikuwa zimeshaenea na mwalimu mwenyewe ameridhia. Lakini Jumatatu iliyofuata msomaji mmoja wa Longonot aliazima CD iliyokwisha kusahihishwa, na mama akachukua kitabu cha karatasi, akakitia kabatini na kuzungusha ufunguo.

"Mama," nikasema, "si mwalimu ameruhusu? Zimejaa Karagita nzima."

"Zile ni ahadi yako," alisema, akiweka ufunguo mfukoni. "Hii ni yangu."