Mama Alipimwa Ng'ambo ya Barabara

Wanja amepima watu masikio hapa Eldoret miaka tisa. Kazi anaijua, hilo hata asiyempenda hawezi kubisha. Anachungulia sikio, anamketisha mgonjwa kwenye chumba kisichopenywa na kelele, anampigia mlio mdogo, kisha mdogo zaidi, na kwa kumtazama uso tu anajua kama amesikia au anabahatisha.

Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba mamake mzazi, Tryphosa, ametoka kwake Burnt Forest akaenda kuwekewa mashine ya kusikia kwa Mabonga, aliyefungua kliniki juzi tu, ng'ambo ya barabara. Wanja aliiona Jumapili kanisani, nyuma ya sikio la mama, na kwa wivu akaacha kuimba. Kwake mama alikuja mara mbili, akakaa kwenye kile chumba akiwa amenuna, akakataa kuinua mkono hata mara moja kuonyesha amesikia mlio. Kwa Mabonga aliinua.

Jumatatu akamleta mama kliniki kwake, eti kuhakikisha tu. Wapi! Alikuwa anatafuta kosa. Akakigeuzageuza kile kiplastiki cha kuingia sikioni, aone kinakwaruza wapi. Kilikaa vizuri. Akampima upya, na safari hii mama akatulia, majibu yakatoka sawasawa na ya Mabonga. Hata hilo lilimuuma. Angalau angekosea kidogo.

"Mama, huyo mtu amekupa nini ambacho mimi sina?" akauliza, sauti imepanda.

"Usinipigie kelele, sasa nasikia," mama akasema. "Yeye aliniuliza nataka kusikia nini."

"Ukamwambia nini?"

Mama akauonyesha mlango kwa kidole.

"Siku ya kwanza nikija hapa, kulikuwa na mzee mbele yangu. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuona umeinama, unamtazama machoni, mdomo unaenda polepole. Ikafika zamu yangu, ukaanza kufoka, mishipa ya shingo imesimama. Ni hivyo miaka yote. Nilimwonea wivu yule mzee, Wanja. Nikamwambia Mabonga nataka kusikia vile unaongeanga na wagonjwa."

Wanja akavuta kiti, akaketi mbele ya mamake. Akainama, akamtazama machoni, akafungua mdomo polepole. Sauti ile ya wagonjwa alikuwa hajawahi kuitumia nyumbani.