Kompyuta Iliyoganda Wakati wa Mahubiri

Wangechi ndiye aliyerusha ibada za kanisa lao la Gilgil mtandaoni, na kwa miezi miwili kompyuta yake iliganda kila Jumapili ikishafanya kazi kwa muda wa saa mbili, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Wazee wa kanisa waliiombea. Yeye alibadilisha nyaya, kisha akashinda siku nzima akitazama memori ikijaa polepole. Alipoipumzisha kadi ya video na kuiachia prosesa kazi ya kubana picha, memori ikatulia. Kumbe programu inayoendesha kadi haikuwa ikiachilia nafasi ya picha zilizokwisha kurushwa. Akarudisha toleo la zamani la programu hiyo.

Jumapili iliyofuata ibada ilienda mtandaoni kwa saa nne bila kukatika. Mchungaji akawashukuru wazee kwa maombi, na Wangechi akasema amina kama wengine. Akiwa anakunja nyaya, mamake akampigia simu kutoka Kihoto, alikokuwa akifuatilia ibada mtandaoni.

"Ni wewe umetengeneza hiyo mashine?"

"Ndiyo, mama," akajibu, uso ukimchangamka.

"Sasa mimi nitakuwa napika saa ngapi? Siwezi kumwacha mchungaji akiongea. Leo baba yako amekula mkate."