Fundi dari aliyejifunga plasta mwenyewe

Saa mbili asubuhi, na Mjusi amekaa chini.

Kwa anayemfahamu mwanamama huyu, fundi wa dari, hiyo peke yake ni habari ya kuandikwa gazetini. Wenzake walimpa jina hilo kwa jinsi anavyoshinda juu ya jukwaa, uso ukitazama dari na mwiko mkononi, utadhani sakafu inamuunguza. Leo amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, katikati ya sebule ya nyumba ambayo bado haijawekwa milango, akipiga msasa vipande vya jipsamu vitakavyozunguka kuta. Mguu wake wa kushoto umenyooshwa juu ya ndoo nyingine.

Juu yake, jukwaani, mwenzake anayeitwa Mrefu anapaka skimu, ule ujiuji mweupe wa kulainisha dari kabla ya rangi. Kila anapopitisha mwiko, Mjusi anainua macho.

"Rudia hapo pembeni," anasema. "Umeacha tumbo."

"Tumbo unalo wewe unayekaa siku nzima," Mrefu anamjibu, na wote wawili wanacheka.

Pale ngazi inapogusa sakafu kuna kiti cha plastiki. Amekikalia mama mtu mzima, miwani puani, anafuma kitambaa cha meza. Si mlinzi, wala si mwenye nyumba. Ni mama mkwe wa Mjusi. Huja naye kazini kila siku, akaweka kiti chake hapo hapo, na jioni wakarudi wote nyumbani. Mafundi wengine wameshamzoea; wakitaka kupanda ngazi hupiga hodi kwanza.

"Ananilinda nisipande," Mjusi anasema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye msasa. "Na ana haki. Nilimfanyia jambo la aibu sana."

Mjusi aliingia katika ufundi huu kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akiwabebea mafundi maji na kufagia vifusi, huku jicho moja likiwa darini. Leo wateja humtafuta kwa kitu kimoja: duara la katikati ya sebule, lile linaloshuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye taa. Hulichora kwa msumari, uzi na penseli, kisha hulifuata kwa mkono, na likishakauka hakuna anayeweza kukuonyesha lilipoanzia.

"Mimi kukaa sikujui," anasema. "Hata chakula nakula nimesimama. Nikikaa naona kama naumwa."

Mguu haukuvunjika kwa kuanguka kutoka juu, na hilo nalo linamuuma. Ajali ya namna hiyo ingekuwa na heshima yake. Alimaliza kazi jioni moja, akashuka mpaka ngazi za mwisho, na badala ya kuzimaliza kwa utaratibu akaruka, kama alivyokuwa akiruka kila siku. Akatua juu ya kipande cha ubao.

"Nilisikia ka! Nikautazama ubao. Ubao ulikuwa mzima."

Uliovunjika ni mfupa wa pembeni mwa unyayo, ule mwembamba unaoelekea kidole kidogo. Hospitali ya karibu walimfunga plasta ngumu mpaka chini ya goti, na daktari akamwambia asiukanyagie mguu huo kwa wiki sita.

"Wiki sita!" Mjusi anasema, na hata leo sauti inampanda. "Kwa mfupa mwembamba kama kalamu!"

Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wakati huo alikuwa safarini. Kabla hata hajapanga nani wa kumsaidia, mama mkwe alikuwa mlangoni na mkoba mmoja. Hakuitwa. Aliteka maji, akapika, akafua. Kila jioni alileta beseni, akapiga magoti sakafuni na kuviosha vidole vilivyochungulia kwenye plasta, kimoja kimoja.

"Mama mkwe wangu!" Mjusi anatikisa kichwa. "Mtu ambaye mimi ndiye wa kumpokea mzigo na kumtengea maji. Nilikuwa nafumba macho nisiione ile mikono yake kwenye mguu wangu. Nilijisikia mdogo. Nikawa naomba nipone haraka, si kwa sababu ya maumivu, kwa sababu ya aibu ya kuhudumiwa."

Wiki ya tatu ikaja picha kwenye simu. Mrefu alikuwa amebaki na kazi waliyoianza pamoja, na alikuwa amemaliza duara la sebule. Mjusi aliipeleka simu mbali na macho, kisha akaileta karibu.

"Lilikuwa yai," anasema.

"Halikuwa yai," sauti inashuka kutoka jukwaani. "Lilikuwa limechoka kidogo. Na mimi nilituma picha nikitaka sifa, sikujua naita balaa."

Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha alimwambia mama mkwe kuwa hospitali wamempigia simu, wanataka kuikagua plasta. Mama alitaka kumsindikiza. Mjusi akakataa, akasema ni jambo dogo, atarudi sasa hivi. Mama akampa mtandio wake wa kutokea, ule anaouvaa kwenye shughuli, ili asiende mbele ya madaktari na nguo za kulalia.

Mjusi akaenda kazini na magongo yake. Mrefu alikuwa ametumwa kununua skrubu. Ndani ya stoo, Mjusi alichukua msumeno mdogo wa kukatia jipsamu akaipasua plasta pande mbili, kwa uangalifu, akiwa na nia ya kuirudisha. Kisha akapanda. Mrefu aliporudi alimkuta juu, amekwishalibomoa yai.

Je, hakusikia maumivu?

"Nilipokuwa juu sikuyasikia. Nilikuwa na duara langu. Niliposhuka ndipo nilipojua nimefanya nini."

Mguu ulikuwa umevimba, na vile vipande viwili havikukubali tena kukutana. Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angekimbilia kwa daktari. Mjusi alitafuta ndoo. Alikoroga jipsamu, akazungusha bandeji na nyavu wanazotumia kuzibia maungio ya dari, akajifunga plasta mpya kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti. Mrefu alimsihi aache, akaambiwa ashike tochi.

"Nilijiambia, unga ni unga. Hospitali wanakoroga, na mimi nakoroga. Nimekoroga unga huu maisha yangu yote, mguu wangu mwenyewe utanishinda?"

Kazi ingeishia hapo, labda siri ingedumu. Lakini plasta ilipokauka ilikuwa na mawimbi, na Mjusi hawezi kuacha kitu na mawimbi. Akaipiga msasa. Akaipitishia skimu nyepesi. Akaipiga msasa tena.

Giza lilikuwa limeingia aliporudi nyumbani. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamuuliza daktari amesemaje.

"Nikamwambia, amesema naendelea vizuri. Mama akainua mikono yote miwili akamshukuru Mungu. Kwa sauti, mbele yangu." Mjusi anaacha kupiga msasa. "Ningekuwa na utu ningesema hapo hapo. Nikamwomba chakula."

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, safari hii mama hakukubali kubaki. Alikaa kwenye benchi la chumba cha plasta, pochi mapajani. Bwana mmoja mcheshi, ambaye kazi yake ni kufunga na kufungua plasta, aliushika mguu, akaugonga kwa kidole, akakunja uso.

"Dada, hii nilifunga mimi?"

"Wewe."

"Mimi huyu?" Akapitisha kiganja juu ya plasta, juu mpaka chini. "Nimefunga watu miaka yote hii, sijawahi kufunga kitu kilichonyooka namna hii."

Akamwita muuguzi aje aone. Muuguzi akamwita mwenzake. Wakaipapasa wakicheka, wakauliza kama wanaweza kuiweka sebuleni. Mjusi anakiri, kwa uso ulioinama, kwamba kwa muda mfupi alijisikia fahari.

Kicheko kilikatika daktari alipoingia na picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa umehama. Vipande viwili vilivyokuwa vimeanza kushikana vilikuwa vimeachana, na mguu ungehitaji upasuaji.

"Nani ameifungua plasta hii?" daktari akauliza. "Tangu tulipomfunga hajarudi hapa."

Mama mkwe akasogea mbele kwenye benchi.

"Alirudi, daktari," akasema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mwenye kazi nyingi. "Mlimpigia simu mkamwita. Nilimpa na mtandio wangu."

Bwana wa plasta akauachia mguu.

"Nililala pale kitandani nikatazama dari ya kile chumba," Mjusi anasema. "Ilikuwa na ufa, kutoka kwenye taa mpaka dirishani. Nikaung'ang'ania ule ufa kwa macho, kwa sababu nikishusha macho nitakutana na yake."

Jioni beseni likaja kama kawaida. Siku ya upasuaji alilala kwenye benchi la hospitali. Hakugomba, hakuuliza, hakumwambia mwanawe aliyekuwa safarini. Mjusi anasema kama angefokewa angepumua.

Zile wiki sita zimekuwa miezi mitano. Ndani ya unyayo wake sasa kuna skrubu.

"Nimefunga dari za watu kwa skrubu, sasa na mimi nimefungwa," anatania, lakini hacheki sana. Wenzake nao hawamwachi. Wanasema mjusi amekatika mkia, wasubiri uote. Kazi ya chini anayofanya ni ya msaidizi na malipo yake ni ya msaidizi, nusu ya aliyoyazoea. Asubuhi kabla ya kutoka huokota kitambaa kwa vidole vya mguu, akasimama kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta. Hayo ni mazoezi ya hospitali. Mama mkwe husimama pembeni akihakikisha hazidishi, maana kwa mtu huyu hatari si uvivu.

Mwezi ujao daktari ataipiga picha ile skrubu. Mfupa ukiwa umeshika, Mjusi ataruhusiwa kupanda ngazi. Usiposhika safari hii, ameambiwa, asahau habari ya jukwaa.

"Hilo ndilo ninaloomba," anasema. "Nirudi juu. Nichore duara langu, kisha nishuke taratibu, mguu baada ya mguu, kama bibi kizee. Wanicheke."

Anapoulizwa kama alishamwomba mama mkwe wake radhi, mkono wake unasimama.

"Bado. Naanza, neno linakwama. Wewe andika tu hapo kwamba naona aibu. Kwamba amenitunza kuliko nilivyostahili, nami nikamdanganya usoni. Labda akisoma..."

"Hilo usimbebeshe mtu wa gazeti."

Ni mama mkwe. Hajainua macho kwenye ufumaji wake.

"Mimi niko hapa hapa. Na masikio ninayo."

Juu, Mrefu ameacha kupaka. Mjusi anaushusha mguu kutoka kwenye ndoo, anajiinua kwa kushika ukuta, anasimama mbele ya kile kiti cha plastiki na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Mama," anasema. "Sikwenda hospitali siku ile. Nilikudanganya. Ukamshukuru Mungu kwa ajili yangu, nami nikanyamaza. Nisamehe, mama."

Mama anamaliza mshono aliouanza. Anavua miwani.

"Siku ile nilikaa mlangoni tangu ulipotoka mpaka uliporudi," anasema. "Niliogopa usije ukaanguka njiani, na mimi sipo."

Mjusi anafunika uso kwa mikono.

"Nimekusamehe," mama anasema, anarudisha miwani puani. "Kaa sasa, mwanangu. Mguu huo utavimba."

Na Mjusi anakaa.