Ugonjwa wa Walioshiba

Mkojo ukichemka juu ya makaa hutoa harufu ambayo hakuna sabuni inayoiondoa puani. Nimekua na harufu hiyo. Kila asubuhi, kabla jua la Lodwar halijashika ukali wake, Mama alichuchumaa nje ya nyumba yetu ya matawi ya mkoma, mkononi ana kichupa chembamba cha kioo alichopewa hospitalini. Ndani alikuwa ametia maji ya buluu, akayadondoshea matone machache ya mkojo wa mdogo wangu Akiru, kisha akakibana kwa kibanio cha nguo na kukishikilia juu ya jiko. Sote tukakodoa macho tukisubiri rangi. Ikibaki buluu, alhamdulillahi, kama alivyokuwa akisema Msomali mwenye duka mtaani kwetu. Ikiwa kijani, si haba. Ikigeuka nyekundu kama tofali, basi sukari imejaa mwilini mwa mtoto na siku yetu imekwisha kuharibika hata chai hatujanywa.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa ukame, mimi nina miaka kumi na mmoja na Akiru ana sita. Ugonjwa wake ulianza kwa kiu. Alikunywa maji mpaka Mama akamficha kikombe, maana maji yenyewe tulikuwa tukiyachimba kwenye mchanga wa mto Turkwel na kuyabeba kichwani. Akakonda akabaki macho. Siku aliyoshindwa kuamka, Mama alimfunga mgongoni akakimbia naye hospitali, na huko wakatuambia ni kisukari, na kwamba atadungwa sindano mara mbili kwa siku maisha yake yote. Dawa haitaki joto, wakasema. Joto! Mtu anaambiwa hivyo akiwa Lodwar, mahali ambapo hata kivuli kinaunguza! Friji hatukuwa nayo, wala jirani yetu hakuwa nayo, kwa hiyo muuguzi mmoja mwenye huruma alimfundisha Mama kuizika chupa ndani ya mtungi mdogo, na mtungi kuuzika kwenye mchanga uliolowa, pembeni mwa nyumba. Kazi ya kulowesha mchanga huo ikawa yangu. Kuna siku nilienda shule sijanawa uso, lakini mchanga wa Akiru ulikuwa umekunywa ukashiba.

Kuna jambo watu hawakulielewa wakati ule, na wengine hawalielewi mpaka leo, nami kulieleza kumenichosha. Ile sindano haikuwa kidonge cha kumeza ukaenda zako. Ukishamdunga mtoto lazima ale, na ale kwa saa yake. Asipokula, sukari ya mwili inashuka, anatetemeka, anapoteza fahamu, anaweza kufa palepale. Usipomdunga, sukari inapanda, na atakufa vilevile, ila polepole. Kwa hiyo chakula ndicho kilichokuwa nusu ya dawa, na sisi hospitali ilitupa ile nusu nyingine tu. Unga uliokuwepo nyumbani ulikuwa wa Akiru kwanza. Mama alimkorogea uji asubuhi, akamkorogea mwingine saa nne, akamkaangia samaki mkavu wa Kerio akipatikana, na mimi nikakaa kando nikimeza mate. Halafu Akiru alikuwa na tabia ya kukataa! Anafumba mdomo, anageuza kichwa, Mama anambembeleza kwa nyimbo, "Kunywa mama yangu, kunywa kidogo tu," na mimi tumbo linanguruma kama lori la Baba. Nilimchukia. Wacha niseme ukweli. Nilimfinya mara nyingi Mama akiwa hatazami, na alipolia nilisema ni siafu. Mtoto mwenye njaa hana upole, na mtu asije akaniambia hadithi za ndugu wanaopendana.

Baba alikuwa dereva wa lori la maji, kituo chake Kakuma, tukimwona mara mbili kwa mwezi. Tegemeo letu lilikuwa chakula cha msaada, mahindi na maharagwe na mafuta, kilichogawiwa kila mwezi kwenye uwanja wa shule. Kila mtaa ulikuwa na kamati, na kamati ya mtaa wetu ilikuwa na mwenyekiti, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya na kitabu cha majina asichokitoa kwapani. Yeye ndiye aliyeamua nani ana njaa na nani hana. Habari za Akiru zilipomfikia, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisukari, kila mtu alijua, ni ugonjwa wa wakubwa, watu wa magari na matumbo, watu wanaotia vijiko vitano kwenye kikombe. Mtoto wa Kiturkana, tena wakati watu wanachemsha ngozi za mbuzi wale, augue kwa kula sukari? Basi huyo mama anayo gunia zima amelificha chini ya kitanda. Mwezi uliofuata jina letu halikusomwa. Mama alipomwendea, mzee alimwambia, "Wewe mama, sisi nasaidia watu ya njaa. Nyumba yako iko na sukari mpaka naua mtoto. Sasa unataka nini tena?"

Majirani nao, wale waliokuwa wakitusalimia "ejok" kila asubuhi, wakaanza kutuchungulia. Mwanamke mmoja alikuja kuomba sukari ya kutia kwenye chai, akaangalia chini ya kitanda kwa macho ya kuiba, akaondoka amenuna alipoambiwa hakuna. Nikitoka kuchota maji, watoto wananiimbia, "Sukari! Sukari!" Tulikuwa hatujaonja sukari tangu mvua za mwaka mwingine! Nilimpiga mmoja wao jiwe la mguu, na sijawahi kujuta.

Siku ya mgao uliofuata Mama aliamua kwenda kujieleza mbele ya watu wote. Asubuhi ile mkojo wa Akiru ulikuwa mwekundu kupindukia. Akamdunga, akamnywesha uji wa unga wa mwisho uliokuwa umebaki, nusu kikombe, akahesabu kwamba mpaka saa sita tutakuwa na mahindi. Aliamini kwamba mtu akielezwa ataelewa. Hilo ndilo kosa lake pekee, na hata hilo siwezi kuliita kosa. Mkojo wa asubuhi uliobaki aliutia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akachukua na kile kichupa na maji ya buluu, akaviweka kwenye kikapu. Tukaenda. Jua likapanda, lori la chakula likachelewa, mwenyekiti akasoma majina kwa raha zake, na letu halikuwemo.

Mama akatoka kwenye foleni. Palikuwa na mwanamke anayeuza chai, jiko lake linawaka. Mama akamwomba nafasi, akachuchumaa, akadondosha mkojo kwenye yale maji ya buluu mbele ya macho ya watu wote, akaanza kuchemsha. Watu wakasogea kuona. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa nyekundu. Akasimama akamwendea mwenyekiti, ameinua kichupa juu. "Mzee, ulisema nyumba yangu iko na sukari. Hii ndiyo sukari yetu. Inatoka na mkojo wa mtoto, hatuili, hatuioni. Lete kikombe nikutilie, unywe chai." Wanawake wengine wakapiga kelele za kushangilia. Nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia tena. Lakini mwenyekiti alitabasamu tu, akawageukia watu, akauliza taratibu, "Kama nayo inatoka, si ilikuwa imeingia?" Na watu wakacheka. Watu walewale! Wakaona ni kweli, mzee ana akili.

Hapo ndipo Akiru aliponishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni, midomo inatetemeka, macho hayaniangalii. Alikaa chini kwenye mchanga wa moto na hakusikia moto. Nilimwita Mama. Mama akatupa kichupa, akaja mbio, akamtazama mara moja tu akajua, kisha akaanza kupiga kelele, "Sukari! Nani ana sukari? Kijiko kimoja tu, jamani, sukari!" Nani angemsikiliza? Mwanamke aliyesema sasa hivi kwamba sukari ndiyo ugonjwa wa mtoto wake, sasa anaomba sukari ampe huyohuyo mtoto. Wengine walidhani amerukwa na akili. Muuza chai alikumbatia kopo lake la sukari akasema, "Unataka kumuua mbele yetu?" Na mwenyekiti, sitamsahau hata nikifa, alifungua kalamu yake akasema, "Si mnaona? Huyo mtoto anakula sukari kama maziwa."

Mtu pekee aliyesogea alikuwa mgeni, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, aliyekuwa amekuja kutoka kambi ya Kakuma kununua samaki wakavu wa kwenda kuuza. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake akisubiri lori. Hakuuliza swali hata moja. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, mlimokuwa na sukari ya chai yake ya safarini, akampa Mama yote akisema kwa Kiarabu cha Juba, "Shilu, shilu," yaani chukua. Mama alimsugulia Akiru sukari kwenye ufizi kwa kidole, tena na tena, mpaka mtoto akameza, akapumua, akaanza kulia. Kilio chake ndicho kilichotuambia kwamba yupo. Chakula hatukupewa. Tulirudi nyumbani na vipande viwili vya samaki ambavyo yule mwanamke alitutilia kikapuni, na jina lake, Mama Deng.

Baba alipokuja na kusikia yaliyotokea, alitoka akaenda kuosha lori. Nilimsubiri aende kumkamata yule mzee na kofia yake na kitabu chake, yeye akaosha lori mpaka likang'aa. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi. Lakini wiki hiyohiyo alitupakia, mtungi na vyote, akatupeleka Kakuma, na huko Mama akajitafutia njia. Alikata kuni mbali kwenye lagha, ule mto mkavu wa mchanga, akazibeba kichwani mpaka kambini, na Mama Deng akampa unga wa mgao wake kwa kuni hizo, asubuhi na jioni, bila kupitisha siku. Wakimbizi ndio waliotulisha. Waliokuwa na kadi ya njaa walitugawia sisi wenye nchi. Akiru akanenepa, akaanza shule, akajifunza kutukana kwa Kidinka, akawa ananipiga mimi. Miaka miwili tulikaa hivyo, na ndiyo miaka pekee niliyowahi kumpenda bila kinyongo.

Kisha palitokea ugomvi kati ya watu wetu na watu wa kambi, mambo ya mbuzi na kuni, na kwa siku kadhaa hakuna Mturkana aliyethubutu kuingia kambini wala mkimbizi aliyetoka. Baba alikuwa ametumwa Kapedo na lori. Unga ukaisha. Mama alikaa mbele ya mtungi ameshika sindano, ananiangalia mimi, anamwangalia Akiru. Amdunge bila chakula? Alikuwa ameona uwanjani kinachotokea. Akapunguza dawa ikawa nusu. Kesho yake akaipunguza tena. Akiru akaanza kunywa maji, akanywa, akanywa, akalala. Alikufa adhuhuri, siku moja kabla ya njia kufunguliwa. Dawa ilikuwepo. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu kila nikisimulia watu hutikisa kichwa na kusema, pole, zamani dawa zilikuwa shida. Haikuwa shida! Ilikuwepo, baridi kabisa, mchanga niliulowesha asubuhi hiyohiyo. Mama aliifukua chupa ikiwa bado imejaa zaidi ya nusu, akaifuta mchanga kwa leso yake, akampelekea muuguzi wa hospitali ya Kakuma, akamwambia, "Mpe mtoto mwingine."

Mwezi uliopita nilikwenda Lodwar kumpeleka Mama kliniki kwa sababu ya presha. Mji umekua. Kuna lami, kuna taa, na kliniki kuna friji inayonguruma pembeni, vichupa vya dawa ileile vimepangwa ndani safi kama mayai. Siku hizi hakuna kuchemsha mkojo. Tone moja la damu kidoleni na kidude kidogo cha mkononi kinasoma namba papo hapo. Mbele yetu alikaa mwanamke kutoka Kaikor, vumbi la njiani bado liko miguuni, amempakata mtoto aliyekonda, na ndiyo kwanza ameambiwa kwamba ni kisukari. Muuguzi, binti mdogo, mwenye adabu, alimwonyesha kila kitu kwa upole. Ukutani palikuwa na picha ya sahani yenye samaki, mboga, chungwa na yai. "Mama, mtoto akule mara tano kwa siku," alimwambia. "Usikose saa."

Mama yangu siku hizi haongei sana. Aliegemea fimbo yake, akauliza, "Sista, atakula nini?"

Binti aliangalia ile picha ukutani, akamwangalia mtoto, akaangalia kalamu yake. Sikumlaumu. Aliyejibu ni yule mwanamke wa Kaikor, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi: "Tutatafuta." Nilitoka nje nikasimama juani kwa hasira, kwa sababu mimi najua huko kutafuta kunaishia wapi.