Pua ya Mama Mkwe

Mimba yangu ilipoanza kunisumbua, mume wangu alinitoa Bulyanhulu, anakoendesha lori la mawe ya wachimbaji wadogo, akanipeleka Kishapu kwa mama yake nikatunzwe. Mimba iliyotangulia iliharibika, na wote tuliogopa yasijirudie. Mama mkwe alinipokea kwa vigelegele. Alipoona natapika hata maji, akafungua kikopo alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kanga.

Ulikuwa ugoro. Alisema ndiyo dawa ya kichefuchefu. Yeye alipewa na mama mkwe wake akiwa na mimba ya kwanza, na hajaacha tangu hapo. Nikanusa kidogo. Nilipiga chafya kuku wakatawanyika, kichwa kikawa chepesi, nikacheka kama mwehu. Kichefuchefu kikapungua kweli. Basi kila asubuhi tukawa tunakaa mkekani, mkwe na mkwe, tunapokezana chafya na kuombeana afya. Nilikuwa na raha isiyo na kifani.

Raha hiyo iliishia kliniki, Mhunze. Muuguzi alikuwa ameinama akinipima tumbo kwa futi ya kitambaa, analalamika kwamba mtoto haongezeki inavyotakiwa, ndipo chafya ikanitoka, ya rangi ya kahawia, juu ya koti lake jeupe. Akaliangalia koti. Akaniangalia mimi. Mama mkwe akawahi kujitetea kwamba ugoro si sigara, hauna moshi. Muuguzi, mama wa makamo, hakufoka. Alieleza kwamba sumu ni ileile: inaingia kwenye damu, inabana mishipa inayompelekea mtoto chakula, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, au kabla ya siku zake, au asizaliwe hai. Kisha akamuuliza mama mkwe kama bado anasikia harufu. Akajibiwa kwamba pua imezeeka tu. Nilibana kicheko, maana asubuhi hiyo maziwa yaliungua jikoni naye amekaa palepale anaimba.

Tulipofika nyumbani mama mkwe akaenda moja kwa moja chooni, nikasikia kikopo kikigonga ukuta wa shimo.

"Tunaacha wote," akasema alipotoka. "Nikibaki nacho, utakiiba."

Alinijua vizuri.

Wiki zilizofuata, loo! Aligombana na jogoo, akagombana na mhubiri wa redioni. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye pindo la kanga, ukikosa kitu ananikodolea macho mimi kama mwizi. Siku ya mnada shoga yake alimfungulia kikopo, na kwa bibi wa kwetu kukataa ugoro wa mwenzako ni sawa na kukataa salamu. Mama mkwe akaficha mikono mgongoni kama mtoto, akasema mjukuu wake kamkataza. Shoga akauliza mjukuu yupi. Akaonyeshwa tumbo langu kwa kidole, akanuna. Sisi tukakimbilia nyuma ya turubai la mitumba kucheka, mimi nimeshika tumbo, yeye kanishika mimi.

Tumbo lilipokuwa kubwa hata siwezi kujifunga viatu, jioni moja alisimama ghafla uani akiwa na mwiko mkononi, akauliza nani anakaanga dagaa. Alikuwa jirani, ng'ambo ya barabara. Nilipiga kelele za furaha. Tangu siku hiyo hatukupumua: alinusa sabuni, akanusa majani ya mpapai, akanusa zizi akalitukana, na maziwa hayakuungua tena.

Mtoto alizaliwa wa kike, mnono, analia kwa hasira. Alipowekwa kwenye mizani muuguzi yuleyule alitabasamu, nami nikalia na kucheka kwa pamoja. Mume wangu alifika siku hiyohiyo kutoka Bulyanhulu na koti lake la kazi linalonuka dizeli. Alimkuta mama yake amempakata mjukuu, pua kaizamisha utosini. Alikaa hivyo mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Mayu, mama yangu, kuna nini?" nikamuuliza.

"Kumbe wananukia hivi," akasema. "Nimezaa saba, wala sijawahi kujua."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akanirudishia mtoto, akamshika mume wangu masikio yote mawili, akamwinamisha, mwanaume mzima na ndevu zake, akaanza kumnusa utosini.